Mwenye Meli

Meli ile ilikuwa imekaa nje ya bandari tangu kabla sijaajiriwa. Siku yangu ya kwanza kwenye mnara wa kuongozea meli, mkuu wa zamu alinionyesha kwa kidole kila kilichokuwa juu ya maji, kama mtu anayemtembeza mgeni vyumbani: hii inasubiri gati, ile inashusha mafuta, lile ni boya la mwanzo wa mkondo. Alipofika kwenye meli yenye kutu iliyoegemea kidogo upande mmoja, alisema tu, "Na huyo ni Tajiri."

Nilidhani ni jina la meli. Lilikuwa jina la mtu.

Meli ilizuiliwa na mahakama kwa sababu ya ugomvi wa kampuni mbili za mbali, ugomvi ambao hakuna aliyeweza kunieleza bila kupiga miayo. Mabaharia walishuka mmoja mmoja wakarudi kwao. Sheria haikubali meli iachwe tupu, kwa hiyo akabaki fundi wa injini. Siku nahodha alipoondoka, ofisa wa mahakama alikuja mnarani, akashika redio, akauliza, "Mwenye meli ni nani?" Fundi akajibu, "Ni mimi."

Basi. Alijifunga kwa maneno mawili.

Alimaanisha kuwa ndiye aliyebaki nayo, kama vile mtoto akilia kwenye foleni watu huuliza mwenye mtoto ni nani, na shangazi mtu akainua mkono. Ofisa alisikia jambo jingine. Amri ilipotoka ilisema mwenye meli asishuke mpaka shauri liishe. Fundi alipojaribu kujieleza, aliulizwa: sauti iliyorekodiwa ni yako au si yako? Ni yangu. Basi tulia. Na kilichoharibu zaidi ni kwamba kampuni zote mbili zilikuwa zimeanza kuikana meli. Mtu pekee duniani aliyewahi kusema ni yake alikuwa yeye, mwanamume mwenye jozi moja ya ndala. Ndipo watu wa redioni wakamwita Tajiri, na jina likamganda.

Mimi nilisomea ualimu wa jiografia. Nilikuja mji huu kwa mama mdogo kungoja ajira ya shule, ajira ikawa inakuja kama mvua ya kwenye taarifa ya habari, mara mawingu, mara kumekauka. Mnarani walikuwa wanatafuta mtu wa sauti safi. Nina sauti safi, tatizo langu ni kuitoa. Mbele ya watu koo langu hufunga kama mlango wa duka siku ya msiba. Lakini ukibonyeza kile kitufe cha redio hakuna anayekutazama, na maneno yanatoka yenyewe.

Chumba cha juu kilikuwa cha vioo pande zote na hakuna kioo kilichofunguka. Bahari yote iko mbele yako na huisikii hata kidogo. Unasikia kiyoyozi na viatu vya mkuu wa zamu. Nilikuwa nashuka jioni, napita ukuta wa bandari, nafika kwa mama mdogo, nalala chumba kimoja na binti zake wawili ambao walipanga nguo zao mpaka upande wangu wa kitanda. Asubuhi napita ukuta uleule. Miezi ilipita hivyo, na mtu angeniuliza mji ule ukoje, ningemweleza ukuta.

Aliyeniuliza ni yeye.

"Mnara, Mnara, hapa Tajiri. Ova."

"Nakupata, Tajiri."

"Dada, kuna kitu kinang'aa asubuhi, kushoto kwa tangi la maji. Kinanipiga machoni kila siku. Ni nini kile?"

Niligeuka nikatazama. Mnarani tulikuwa karibu zaidi kuliko yeye, lakini paa la ghala lilifunika upande ule. "Sijui, kaka."

"Wewe si unakaa hukohuko?"

Swali halikuwa na ubaya, lakini lilinikaa. Siku hiyo nilipotoka kazini sikufuata ukuta. Nilipanda mtaa wa tangi la maji, nikauliza kwa sauti ndogo mpaka muuza vocha akaniambia nirudie, na mwisho nikaona: fundi wa vioo vya magari, amevipanga vioo vyake ukutani vikaegemea kwa safu, na jua la asubuhi linavijia moja kwa moja kutoka baharini. Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Kesho yake nilimwambia. Akasema, "Kumbe ni mtu na kazi yake. Mimi nilikuwa nishamtukana sana."

Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza. Kulikuwa na chaneli ya pembeni isiyotumika sana mchana, na mkuu wa zamu alipokwenda kula alituacha tuseme. Simu ya Tajiri ilikuwa imeangukia majini zamani, na mashua iliyompelekea chakula na betri ya redio haikukaa kupiga soga. Alisema anataka kuuelewa mji. Ameutazama hadi ameuchoka, lakini anauona kama picha iliyobandikwa, hakuna nyuma.

Nilimwambia chuoni tulifundishwa kwamba mahali popote unaweza kupaelewa kwa mambo matano. Mahali pako wapi. Mahali pakoje. Watu wanafanya nini na mazingira, na mazingira yanawafanya nini. Watu na vitu vinavyokwenda na kurudi. Na kanda, yaani mpaka wa kufanana kwa vitu.

"Anza la kwanza, Mwalimu," alisema, na tangu hapo nikawa Mwalimu.

Nilimpa nyuzi za latitudo na longitudo kutoka kwenye kioo cha rada. Akasema hizo ni namba za jeneza, nimweleze kwa kumtajia majirani. Basi nikamweleza: wewe uko mbele ya hospitali, ile nyeupe ya ghorofa. Nyuma ya hospitali kuna soko la mitumba, nyuma ya soko kuna reli.

"Kwa hiyo jirani yangu ni hospitali."

"Ndiyo."

"Na mkono wangu umevimba wiki nzima. Jirani gani huyo, hata pole haji kusema."

Alikuwa anacheka, ila ndivyo nilivyojua habari ya mkono. Meli ilikuwa inavuja chumba cha injini. Pampu ya umeme ilikufa mafuta yalipokwisha, naye alikuwa anatoa maji kwa pampu ya mkono, asubuhi na jioni, na kila siku kazi ilirefuka kidogo. Nilimuuliza akiacha itakuwaje. Alijibu kama mtu anayeulizwa akiacha kufagia itakuwaje: "Nitakwenda nayo chini. Mimi si ndiye mwenyewe."

Nilimwambia mkuu wa zamu. Nahodha wa tagi, zile boti nene zinazovuta meli, alimpachika jina la Nahodha Mkavu kwa sababu hajawahi kulala melini hata siku moja, lakini mkuu hakuwa mtu mbaya. Alipeleka taarifa mahakamani, majibu yakaja kuwa mwenye meli ana wajibu wa kuihudumia meli yake.

"Bosi, lakini si yake."

"Binti, sisi tunaongoza meli. Hatuongozi mahakama."

Mahali pakoje, lile la pili, lilinishinda nusu. Nilimweleza harufu ya kiwanda cha sabuni, ngazi za mawe zilizochakaa katikati kama sahani, jinsi watu wa mtaa wa juu wanavyoanika godoro dirishani. Yeye akanieleza kwake. Nikagundua kuwa hasemi hapa. Mabaharia wa kwenye tagi husema "tuko hapa kwenye boya". Sisi mnarani husema huku juu. Yeye kila mara alisema humu. Humu joto. Humu panya wamekwisha, sijui walishuka kwa ruhusa ya nani. Humu nikikohoa, chuma kinajibu. Chuoni tuliyakariri hayo matatu kwa mtihani, pa ya mahali dhahiri, ku ya mahali pasipo dhahiri, mu ya ndani, na sikuwahi kufikiri kuwa kuna mtu amebakiwa na moja tu.

La tatu alilipenda mno. Malori yalikuwa yanamwaga mawe na kifusi kwenye ncha ya ufuo ili mji upate eneo la kujenga, naye aliyaona vizuri kuliko mimi.

"Kwa hiyo wanaisukuma bahari?"

"Wanaisukuma hapo, inakuja kula barabara upande wa pili. Ukuta wa hospitali umeshapasuka."

"Lakini mji unanifuata."

"Taratibu."

"Waambie waongeze malori. Wakinifikia nitashuka kwa miguu, na mahakama haitasema nimeshuka. Mji ndio utakuwa umepanda."

Nahodha wa tagi aliingia chaneli yetu bila hodi. "Mwalimu, na mimi mwanafunzi wako nimeketi nyuma. Sijaelewa pale kwenye bahari kula barabara. Inakula na mchuzi?"

"Toka darasani," alisema Tajiri. "Wewe unashuka kila jioni kwa mkeo, jiografia ya nini?"

Kuhusu kanda tulibishana. Watu wa mtaa wa juu wakiteremka sokoni husema wanakwenda mjini, na wao wenyewe wanaishi humohumo mjini. Mama mdogo anasema mji unaishia relini, ng'ambo ya reli ni "kule". Kwenye ramani ya bandari, mstari wa mpaka ulipita mbali huko nje na kuizunguka meli yake. Nilimwambia hivyo nikidhani nampa zawadi.

"Kwa hiyo kwa karatasi mimi nimo mjini."

"Umo."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipotia nanga."

Redio ilikaa wazi, nikasikia chuma na maji. "Mwalimu, usiniambie tena hilo," alisema. Halafu akafunga.

Siku kadhaa hakuniita. Nilimwona kwa darubini akitembea sitahani, mtu mwembamba kama mstari wa penseli, halafu anapotelea mlangoni kwenda kwenye pampu. Nyumbani sikuweza kula. Mama mdogo aliniuliza kama ni mwanamume. Nikasema ndiyo, yuko melini. Akasema, "Wa melini wote wako hivyo, mwanangu, muache aende zake," na sikupata nguvu ya kumweleza kwamba shida ndiyo hiyo.

Aliporudi redioni hakutaja kanda. Alisema, "Ulisema mambo ni matano. Umenipa manne."

Lililobaki ni lile la kwenda na kurudi, nami nilikuwa nimelikwepa makusudi. Utamfundishaje mwendo mtu asiyeruhusiwa kusogea?

"Nifundishe tu," alisema. "Mimi ndiye ninayeliona kuliko wote. Naona meli zinaingia zimezama, zinatoka zimeelea. Naona treni ikitoka upande wa hospitali. Nataka kujua treni inapeleka nini."

Nikamweleza: ngano inaingia, inasagwa nyuma ya stesheni, unga unapanda treni. Mitumba inaingia kwa marobota. Vijana wanatoka. Mimi niliingia kwa basi. Mji wa pwani ni mlango, nilimwambia, kila kitu kimeingia au kinatoka, hakuna kilichokaa.

"Isipokuwa sisi wawili," alisema.



Wiki ile maji yalipanda mpaka ngazi ya chini ya chumba cha injini, na mkono wake mmoja ukawa haufungi ngumi. Alinieleza kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha alisema kitu ambacho nilikiandika kwenye kiganja ili nisikibadilishe nitakapokisema kwa wakubwa: "Pampu inataka mikono miwili. Nikibaki na mmoja, hesabu imekwisha."

Ofisa wa mahakama alikuwa na kawaida ya kuja kukagua. Alikuwa mtu mzima, mtaratibu, anavua kofia kabla ya kuingia. Alipokuja safari hii mkuu wa zamu alimkaribisha kiti, akamweleza habari ya maji, akamweleza habari ya mkono. Ofisa alisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Lakini mwaniweka pabaya," alisema. "Ningekuwa na mlinzi pale, ningembadilisha leo. Mlinzi hubadilishwa. Mwenye mali nitambadilishaje? Na amesema mwenyewe kwa kinywa chake."

Nilikuwa nimekaa umbali wa hatua mbili, kiganja kimeloa jasho na maneno yangu yamefutika. Nilifungua mdomo. Nikakitazama tena kiganja.

Mlango ukagongwa. Mlinzi wa geti alikuwa amepanda ngazi zote na anahema. "Samahani wakubwa. Mwenye gari jeupe ni nani? Ameziba njia, lori la maji safi halipiti."

"Ni mimi," alisema ofisa, akaanza kupapasa mifuko kutafuta ufunguo.

Hakuna aliyecheka. Sidhani kama mwingine yeyote alikuwa amesikia. Mimi nilisikia, na nilijua akifika mlangoni imekwisha, atashuka, atasogeza gari, atakwenda zake.

"Baba," nilisema. Ilitoka ndogo. Nikarudia. "Samahani, baba. Gari ni lako?"

"La ofisi. Kwani limefanya nini?"

Nilinyoosha kidole kuelekea kwenye kioo, kule nje, kwenye ile meli iliyoinama. Ofisa alitazama kidole, akatazama meli, akatazama ufunguo mkononi mwake. Mkuu wa zamu akashikwa na kikohozi kisichoisha.

"Mwenye gari," alisema ofisa polepole, kama mtu anayeonja chakula anachokishuku. Kisha: "Hebu niwekeeni ile sauti."

Tukamwekea. *Mwenye meli ni nani? Ni mimi.* Akataka tena. Mlinzi wa geti aliuliza kama lori lisubiri, hakujibiwa.

"Mimi ndiye niliyeuliza hivi?"

"Ndiyo, mzee," alisema mkuu wa zamu.

Ofisa alivaa kofia humohumo ndani. Hakuomba radhi wala hakuahidi kitu. Alisema tu, "Mtu amekaa huko kwa sababu ya neno mwenye," akateremka kwenda kusogeza gari ambalo si lake.

Amri mpya ilipokuja ilikuwa na neno moja tofauti: mlinzi. Mlinzi anaweza kushuka atakapopatikana mlinzi mwingine. Nilimsomea redioni, akaniambia nirudie, nikarudia, akauliza mwingine yuko wapi. Hakuwepo. Nani anakwenda kulala kwenye meli inayokunywa maji? Kila asubuhi aliniuliza, "Amepatikana?" na kila asubuhi nilimjibu bado, kaka, vumilia. Niliona kwamba tulichofungua ni kufuli tu, na mlango ulikuwa na kufuli jingine nyuma yake. Sauti yake ilianza kuchoka kwa namna ambayo mzaha wa tagi haukuiamsha. Mkuu wa zamu alipiga simu kwa kila kampuni ya ulinzi aliyoijua, kisha kwa asizozijua, na hatimaye walipatikana wawili, ndugu, waliokubali kwa sharti la kupewa pampu ya dizeli kwanza.

Tagi ndiyo iliyomleta. Niliomba ruhusa, nikashuka gatini. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, nywele zimekuwa ndefu, mkono umefungwa kitambaa na begi limening'inia kwenye ule mzima. Alipokanyaga saruji aliyumba, nahodha wa tagi akamshika kwapa.

"Mwalimu yuko wapi?" aliuliza.

Nilikuwa mbele yake. Nikainua mkono.

Alinitazama vizuri. "Wewe ndiye mwenye sauti?"

"Usijibu, dada," alisema nahodha wa tagi. "Watakuzuia."

Tulicheka wote watatu, na nikaweza kusema shikamoo, jambo la ajabu kumwambia mtu ambaye umeongea naye miezi.

Basi la kwao lilikuwa linaondoka alasiri, na hospitali alisema ataiona ya kwao. Nikamsindikiza stendi. Tulitoka getini, tukashika barabara ya maghala, ndefu, imenyooka, haina watu wengi saa zile. Alitembea vizuri akinitangulia kidogo, akitazama juu kwenye madirisha. Halafu akasimama, akageuka, akaanza kurudi tulikotoka.

"Kaka, stendi ni huku."

"Najua." Alishtuka mwenyewe. Akageuka tena, akaja, na alipofika palepale miguu ikasimama. Alitazama chini kana kwamba kuna kitu njiani. Hapakuwa na kitu, lami tu na kivuli cha nguzo ya umeme. "Ni urefu wa sitaha," alisema baadaye kidogo. "Mwisho wa kutembea ni hapa. Hapa kuna reli ya kujishikia."

Alijaribu kucheka. Akajaribu kwa mguu mwingine. Jasho lilianza kumtoka usoni. Kumvuta nisingeweza, na nadhani isingekuwa sawa.

Nikapita mbele yake, upande ule ambao kwake ulikuwa bahari, nikasimama nikimtazama, mgongo wangu ukielekea stendi.

"Mbele yako kuna duka la magunia," nilisema. "Baada yake kuna kinyozi, mlango wa bluu. Baada ya kinyozi barabara inapinda kulia, unaona stendi." Nilirudi nyuma hatua moja. "Duka la magunia. Kinyozi."

Akainua mguu, akaushusha palepale.

Nikaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi, na wapakiaji waliokaa kwenye vivuli vya maghala wakaanza kugeuka kututazama.